Mwalimu Asiyekaa Kitini

Kwenye chumba chetu cha msaada wa lugha kulikuwa na kiti kimoja kizuri, cha mninga, chenye mto mwekundu, na kiti hicho kilikuwa cha mwalimu wetu. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye sikumwona akikikalia. Alikiwekea mkoba. Mkoba ulikaa, yeye alisimama, na ukimwambia, "Mwalimu, si ukae kidogo upumzike," anakujibu, "Nikikaa nitasinzia, nikisinzia hawa watoto watarudi kwao na Kifaransa chao." Halafu anatoka nje kutazama kama mvua inakuja, hata kama ni Agosti na Shinyanga yote imekauka kau.

Watu wasiotulia huwa wananichosha, nasema ukweli. Mimi ni mtu wa kukaa mahali pamoja nikanywa chai yangu mpaka ikaisha. Lakini yule mama alinichosha kwa namna yake, kwa sababu siku asipofika kazini na mimi nilikuwa sikaliki, nazunguka chumba kizima nikipanga vitabu vilivyokwisha kupangwa.

Tulimwita Mwalimu wa Msaada. Chuo kikuu kilikuwa na tawi hapa mjini, si kubwa, na kila mwaka lilipokea vijana kutoka Burundi na Kongo. Vichwa vyao vilikuwa vizuri. Hesabu walijua, baiolojia walijua, ila vyote walivijua kwa Kifaransa, na chuoni mihadhara ilikuwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwaka wao wa kwanza walikuja kwetu kila siku, na mwisho wa mwaka waliingia mmoja mmoja mbele ya jopo kuhojiwa. Anayefaulu anaendelea na masomo, anayeshindwa anafungasha virago. Mimi nilikuwa msaidizi wa mwalimu, kazi yangu kugawa makundi na kusikiliza matamshi, na wanafunzi waliniita Mama Kulwa, kwa jina la pacha wangu wa kwanza.

Nikimkumbuka mwalimu leo mambo yanakuja kwa fujo, lakini yote yanaishia kwa Clarisse, binti wa Bujumbura aliyekuja kusomea uuguzi na ambaye nusura arudishwe kwao kwa sababu ya adabu. Nitafika kwake. Kwanza niseme jinsi mwalimu alivyofundisha, maana wengi hawakuamini kwamba ile ilikuwa kazi.

Alifundisha akitembea. Tumeingia darasani, tumefungua madirisha, mara anasema, "Twendeni," na darasa zima linamfuata nje kama vifaranga. Tulikwenda sokoni, tulikwenda stendi, tulikwenda kwenye mashine za kukoboa mpunga. Pale mashineni ndipo alipopapenda kuliko kote. Kelele za mashine zilikuwa kubwa, na mwanafunzi alitakiwa asimame upande mmoja, mwenzake upande wa pili, wazungumze Kiingereza mpaka wasikilizane. Watoto waliozoea kunong'ona darasani walijikuta wanapiga kelele, pumba zimewajaa nyweleni, wakulima wamekaa juu ya magunia yao wanacheka. Mwalimu alisema Kiingereza ulichokipigia kelele hakikutoki tena. Sijui kama ni kweli, lakini mwendesha mashine mmoja, ambaye hakuna aliyemfundisha, baada ya muda alikuwa anatupokea na "Gudi moningi, klasi," bila kujali kama ni saa kumi jioni.

Siku moja tulikwenda naye mpaka Mwadui. Sisi tulidhani tunakwenda kuona mgodi wa almasi. Alitusimamisha nje, mbali na uzio, akatuonyesha ule mlima wa udongo uliokwisha kuchujwa, akamwambia kila mmoja auelezee mlima ule bila kutaja almasi. Jua lilikuwa kali. Yeye alikuwa anazunguka nyuma ya kundi, huku na huku, na kila mwanafunzi akifika katikati ya maelezo, mwalimu anamkatiza: "Umemaliza?"

Hilo "umemaliza" lilikuwa zoezi lake. Alilitumia kwa Kiingereza, ghafla, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, akitazama saa ambayo hakuwa ameivaa. Na jibu sahihi lilikuwa moja tu. Ulitakiwa useme "no", umtazame usoni, uendelee na sentensi yako pale ulipokatiziwa. Ukisema "yes" wakati hujamaliza, anakuacha, anakwenda kwa mwingine, na wewe unabaki na maneno yako mdomoni. Ubaya ni kwamba nje ya darasa pia alituuliza hivyo hivyo, na huko halikuwa zoezi. Unamweleza habari ya mtoto wako aliyelazwa, mguu wake mmoja uko mlangoni, "Umemaliza, Mama Kulwa?" Mtu aliyewafundisha watu wasikubali kukatizwa hakumwacha mtu yeyote amalize neno. Nilimwambia hivyo mara moja, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaondoka kabla sijamaliza kumwambia.

Kwa Bahati, kijana wa Uvira, zoezi lilikuwa mchezo. Huyo hakuwa na tatizo la kukataa. "Mwalimu, miye siko naelewa hii maneno," alikuwa anasema mbele za watu, kwa Kiswahili chake cha Kongo, na mwalimu anamshangilia. "Mmemsikia? Huyu ndiye mwanafunzi. Haelewi, na amesema haelewi. Nyinyi wengine mnaelewa nini hapo mlipokaa kimya?" Wakati mwingine Bahati alikuwa ameelewa vizuri kabisa, alisema vile ili asifiwe.

Wengine ndio waliokuwa na shida. Binti wa Burundi aliyelelewa vizuri hamtazami mkubwa machoni, hampingi, na akiulizwa jambo na mkubwa anakubali kwanza, hayo mengine yatajulikana baadaye. Sasa mtu wa namna hiyo umlete Usukumani, kwa watu ambao mwanamke akimsalimia mkubwa anapiga magoti hata kama ni juu ya kokoto! Wale mabinti walifika wakijua kuinamisha kichwa, na haukupita muda mrefu wakawa wamejifunza na magoti, kutoka kwa wahudumu wetu na kwa mama lishe wa getini. Wanaingia darasani, magoti chini, "Shikamoo mwalimu," macho sakafuni. Mwalimu anawaka.

"Inuka! Hapa hakuna kupiga magoti. Kiingereza hakina magoti. Marahaba. Inuka."

Lakini salamu yenyewe aliitaka. Ukiingia bila kusalimia alikurudisha nje, hata kama ni mhadhiri. Aliwaruhusu wanafunzi wasalimie kwa lugha yoyote, Kirundi, Kifaransa, Kiswahili, kwa kirefu, mpaka waulizane habari za nyumbani na za usingizi, ndipo Kiingereza kianze. Alikuwa na maneno yake: "Heshima yako nimeipokea. Sasa nionyeshe kichwa chako." Alikuwa anayasema kila siku na hayakumchosha.

Magoti yake mwenyewe aliyaweka kanisani tu. Alikuwa Mkatoliki wa Bukombe, wa kuzaliwa, na Jumapili alisimama nyuma kabisa karibu na mlango ili aweze kutoka kabla ya matangazo. Wakati wa kupiga magoti alipiga, tena kwa uzito, chini kwenye saruji bila kitambaa. Ukimuuliza anasema mwenye kustahili magoti ni Mungu peke yake, wanadamu wengine wote wasimame wasemeshane. Mimi ni Msukuma wa Kolandoto, mama yangu angenikata masikio kwa kumsalimia baba mkwe nimesimama, kwa hiyo nilimsikiliza nikanyamaza.

Kwa nini alichukia hivyo neno "yes" aliniambia mara moja tu, tukitoka sokoni, akitembea mbele yangu kwa haraka hata nikawa naokota maneno nyuma yake. Alipokuwa binti, amemaliza shule na Kiingereza chake kinang'aa, walikuja wageni huko kwao kutaka eneo la machimbo madogo ambalo wazee walikuwa wanachimba dhahabu. Kikao kikafanyika nje ya nyumba ya baba yake, na yeye akawekwa kuwa mkalimani. Wazee walikuwa na mengi ya kusema, wameyapanga tangu juzi yake. Mgeni mkubwa akasema yake, kisha akasimama, akapangusa suruali, akauliza, "Mmemaliza?" Sasa mgeni amesimama, wewe mwenyeji utamwambia akae tena? Wazee wakatazamana, wakasema, "Ee." Yeye akatafsiri: "Yes." Wageni wakaandika kwamba wazee hawana neno la kuongeza, wakaenda zao, na eneo likaenda.

"Sikukosea hata neno moja," aliniambia bila kugeuka. "Waliyosema ndiyo niliyoyatafsiri. Baba alikufa akiniambia sikukosea." Kisha akauliza bei ya nyanya kwa mtu ambaye hakuwa anauza nyanya.

Tangu hapo, kwa ninavyoelewa, hakukaa mahali. Alifundisha Geita, akaondoka. Alifundisha Kahama, akagombana na watu, akaondoka. Hapa kwetu alikaa miaka mingi kuliko kwingine, lakini mkoba ule juu ya kiti ulikuwa na kanga, mswaki na viatu vya akiba, na kila muhula alitutangazia kwamba huu ni wa mwisho. Wapya walimwandalia soda za kumuaga. Sisi tuliomzoea tulikunywa soda zao tukanyamaza.

Basi, Clarisse.

Alikuwa mrefu, mkimya, mwandiko wake unasomeka toka ng'ambo ya chumba. Kwa kuandika hakuna aliyemfikia. Mashineni alisikika vizuri kuliko wengi, maana mle ndani ya kelele hakuna mkubwa anayekuuliza kitu. Tatizo lilikuwa zoezi la "umemaliza". Kila mara, mwaka mzima, mwalimu akimkatiza, Clarisse anasema, "Yes, teacher," anarudi nyuma ya wenzake. Nilimfuata pembeni nikamwambia, "Clarisse, mwenzangu, si useme tu no, ni mchezo." Akanijibu, "Mama Kulwa, najua ni mchezo. Lakini ni mama mtu mzima. Mdomo unakataa." Alikuwa na aibu kweli, na alijaribu. Nilimkuta nyuma ya bweni peke yake anauambia ukuta "no", "no", "no", na ukuta aliuweza.

Mwalimu alimjua. "Huyu ataangushwa na ndiyo yake," alikuwa ananiambia, na anavyosema hivyo anatembea, anarudi, anafungua dirisha, analifunga. Alimkatiza Clarisse kuliko wote. Alimkatiza mpaka nikamhurumia binti, nikamwambia mwalimu kwa hasira kwamba anamwonea. Akanitazama kwa mshangao. "Mimi namwonea? Ngoja aingie kwenye jopo."

Akaingia kwenye jopo. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye mvi, mtu mstaarabu, na mtu asije akadhani alimtegea binti. Swali lilikuwa mama ameleta mtoto mwenye homa, wewe muuguzi utafanya nini. Clarisse alianza kama alivyolelewa na kama alivyofundishwa na sisi, alianza na kumsalimia yule mama na kumkalisha. Alipofika hapo akavuta pumzi apange sentensi. Mwenyekiti, akidhani pengine amekwama na asitake kumwaibisha, akamuuliza kwa upole, "Umemaliza?"

"Yes, sir," akasema Clarisse. Akashukuru, akainama, akatoka. Mtoto wa homa hata hajaguswa paji la uso.

Matokeo yalipobandikwa alikuwa ameshindwa. Alikaa kwenye ngazi za maktaba, hakulia, akawa ananyoosha sketi yake magotini, anainyoosha tena. Alitakiwa aondoke chuoni kabla muhula mpya haujafunguliwa. Kwao walikuwa wameshawaambia majirani wote kwamba binti anakuwa muuguzi Tanzania.

Mwalimu alikwenda kwa mkuu wa tawi. Mkuu alikuwa kijana, umri wa kuwa kitinda mimba wa mwalimu, Msukuma wa upande wa Songwa, ameoga, amefunga tai. Mwalimu alisimama wima mbele yake na Kiingereza chake chote, akaeleza, na mkuu akamjibu kwa Kiingereza kizuri vile vile kwamba taratibu ni taratibu, jopo limekaa, binti aliulizwa na akajibu mwenyewe. Alikwenda mara ya pili, majibu yale yale. Mara ya tatu akaambiwa mkuu ana kikao. Alirudi chumbani kwetu akazunguka kile kiti mpaka nikasikia kizunguzungu mimi niliyekaa. Nikamwambia basi, mwalimu, umefanya ulichoweza. Alivua viatu vyake vya kazi, akavaa kandambili za kwenye mkoba, akajifunga kanga kiunoni juu ya sketi, akatoka. Nikamfuata.

Mkuu wa tawi alikuwa anatoka kwenye kikao na wageni wake, ukumbini, wahadhiri wako, wanafunzi wako, Clarisse yuko karibu na dirisha na barua yake ya kuondoka. Mwalimu akaenda mpaka mbele yake. Akapiga magoti. Alipiga kama binti anavyopiga mbele ya mkwe wake, yote mawili, sakafuni, mikono imekutana, kichwa chini, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, bhabha."

Asiye wa kwetu hawezi kujua lile lilikuwa jambo gani. Mama mwenye mvi kumpigia magoti mtoto wa kumzaa! Mhudumu mmoja aliziba mdomo kwa tambara la kudekia. Mkuu wa tawi alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto, Kiingereza chote kikamtoka.

"Mama! Mayu, inuka. Mayu, unanitafutia nini mimi? Inuka, nakuomba."

"Nasalimia," akasema mwalimu, macho chini.

"Marah... hapana, shikamoo! Shikamoo mayu! Inuka basi, umeshasalimia."

"Sijamaliza kusalimia."

Kijana wa watu akaanza kuchuchumaa na yeye, suti na tai, ili asiwe juu yake, na alivyoshuka mwalimu akainama zaidi. Mwisho wote wawili wakawa chini. Hapo hapo sakafuni mkuu akasema binti atahojiwa upya, ataitisha jopo, lakini mama ainuke. Mwalimu akainuka. Akakung'uta kanga, akashukuru, "Wabeja," akatembea kurudi chumbani haraka kama kawaida yake, mimi nakimbia nyuma. Alipofika akavaa viatu vyake vya kazi. Kamba zilimshinda, nikamfungia mimi.

Nilidhani Clarisse atakuja kushukuru. Hakuja. Nilimfuata bwenini nikamkuta amewaka, sikuwahi kumwona vile.

"Alituambia hakuna kupiga magoti," akaniambia. "Mwaka mzima! Sasa kapiga kwa jina langu, mbele ya watu, mama mzima. Kwetu mama akikupigia magoti amekutwika kitu. Nitakibeba vipi? Mbona hakuniuliza?"

Nikamwambia akamwambie mwenyewe. Akainamisha kichwa.

Alihojiwa upya, na akafaulu. Mimi nilikuwa mlangoni. Mwenyekiti safari hii hakumkatiza hata kidogo, alimwacha azungumze mpaka mtoto wa homa akapona na kurudi nyumbani. Nilirudi kumpa mwalimu habari nikiwa naruka. Alinisikiliza akiwa dirishani.

"Walimuuliza kama amemaliza?"

"Hapana, walimwacha aseme."

"Hawakumuuliza," akasema. Akalifunga dirisha, akalifungua. "Basi hatujui."

Tangu siku ile Clarisse hakukanyaga chumba cha msaada. Akimwona mwalimu kwa mbali anabadilisha njia. Mwalimu naye hakumwita, yeye aliyekuwa anamwita kila mtu. Muhula uliofuata alitangaza kwamba ni wa mwisho, tukanywa soda kama kawaida, na kesho yake kiti kilikuwa hakina mkoba. Alikuwa amekwenda Geita. Niliona uchungu ambao sikuutarajia. Alinipigia simu mara moja moja, na kila alipopiga alikuwa na swali moja katikati ya mengine, haraka haraka, kama anauliza habari ya mvua: "Yule wa Bujumbura, mmesikia chochote?" Nami namwambia anaendelea vizuri, anamaliza mafunzo ya vitendo, amemaliza, amerudi kwao, ameajiriwa. "Haya," anasema, na simu inakatika.

Mwaka jana Clarisse alinipigia. Alikuwa muuguzi wa miaka kadhaa sasa, amekuja Tanzania kwa semina, na akasema, "Mama Kulwa, nataka kumwona mwalimu, lakini siwezi peke yangu." Nikampeleka.

Tulimkuta Katoro, kwenye chumba nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Alikuwa anafundisha vijana wa dhahabu, wachimbaji na madalali, wanaotaka kuongea wenyewe na wanunuzi wa kigeni. Tulipofika kijana mmoja mwenye vumbi la mwalo, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, mpaka kwenye kope, katoka tu kuchenjua, alikuwa amesimama katikati ya chumba akisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu, "No, sijakubali bado," na mwalimu anamwambia arudie, mnunuzi hajakusikia. Alipotuona akawaruhusu wote waondoke.

Alikuwa amezeeka. Magoti yalikuwa yamevimba, ana fimbo, na bado amesimama, ameegemea fremu ya mlango. Ndani kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki. Mkoba ulikuwa juu yake.

Clarisse alianza kushuka, magoti yakamtangulia kwa mazoea. Fimbo ikapita hewani ikamzuia kifuani.

"Wee! Inuka."

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa. Kazi inaendaje? Mama Kulwa, hawa wa hapa chai yao ni mbaya, ngoja niagize ya jirani..." Na kweli alikuwa anageuka aondoke na magoti yake yale.

"Mwalimu," akasema Clarisse. Kisha akaanza kwa Kiingereza, pole pole, amesimama wima, mikono ameishika nyuma. Nakieleza hapa kwa Kiswahili. Alisema amekuja kushukuru, ila kuna jambo linatangulia shukrani. Alisema siku ile ulinikosea. Ulipiga magoti kwa ajili yangu na hukuniuliza. Mimi nilikuwepo, nilikuwa dirishani, na wewe ulisema na yule mkubwa kana kwamba mimi sina mdomo. Miaka yote hii nikisifiwa kazini nayaona magoti yako sakafuni.

Mwalimu hakuwa anamtazama. Alitazama barabara, pikipiki zinapita, akashika fremu ya mlango, akaiachia, akahamisha fimbo mkono mwingine. Nilijua hawezi kuvumilia na nilijua atakachofanya, na nilitamani kumziba mdomo.

"Kiingereza kizuri," akasema, kwa haraka yake ile ile, akiwa ameshageukia nje. "Kizuri sana. Umemaliza?"

Clarisse alifunga mdomo. Kichwa kikaanza kuinama, macho yakaenda sakafuni, na mimi niliyemjua nililiona lile neno lake la zamani likipanda. Dukani mtu alikuwa anajaribu honi mpya. Clarisse alisubiri honi inyamaze.

"No," akasema. Akainua macho akamtazama usoni. "No, mwalimu. Sijamaliza."

Mwalimu alisimama kidogo pale mlangoni na fimbo yake. Kisha akarudi ndani, akautoa mkoba juu ya kiti, akauweka chini sakafuni, na akakaa.